Daftari la Mtu wa Sefti

Jumapili, 9 Februari 2025

Ijumaa jioni meneja alinishika mlangoni kwa dakika mbili. Bajeti ijayo ina fungu la mafunzo kwa mtu mmoja wa idara ya usalama na afya, na idara hiyo ndiyo mimi. Nipeleke pendekezo kabla Mei haijaisha. "Kitu cha maana, dada, si semina ya posho," akasema, akaenda zake.

Leo nimevitandaza vyeti vyangu mkekani. Shahada ya afya ya mazingira ya Muhimbili. Kozi ya taifa ya OSHA yetu, wakala wa usalama na afya kazini. NEBOSH IGC, cheti cha kimataifa cha usalama na afya kazini, niliyoifanya kipindi cha korona (ya ugonjwa, si ya mashine, kwenye kiwanda cha mkonge lazima ufafanue), walipoleta mtihani wa kufanyia nyumbani: karatasi inafunguliwa, una saa 24, vitabu ruksa, kisha unahojiwa kwa video wahakikishe ni wewe uliyeandika. Wapo waliodhani vitabu ruksa ni mteremko. Nawajua walioanguka. Swali halikuulizi kihatarishi ni nini. Linakusimulia kisa cha kiwanda fulani, halafu linakutaka uonyeshe kwa ushahidi wa kisa hicho hicho wapi uongozi umelegea.

IGC ndiyo iliyonipa kazi hii. Kinachofuata ndicho kinachonisumbua, na kila ninayemuuliza ananishauri nisome alichosoma yeye.

Jumatano, 19 Februari

Kundi letu la WhatsApp la maafisa usalama limekuwa gulio. Asubuhi tu yameingia mapunguzo ya kozi za mtandaoni, cheti siku hiyo hiyo, lipa kwa simu. Kijana mmoja amenunua kadi ya OSHA ya saa 30 na kuibandika picha, watu wakampongeza. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni OSHA ya Marekani, mafunzo ya hiari ya uelewa, na wenyewe Wamarekani hawaihesabu kuwa ithibati ya utaalamu. OSHA itakayokuja kumkagua ni wakala wetu wa 2001, mwenye Sheria Na. 5 ya 2003 mkononi. Nilianza kumwandikia, nikafuta. Nitampigia, mbele za watu si vizuri.

Mwingine akauliza kipi zaidi, NEBOSH au IOSH. Kaka mmoja wa Dar akamjibu vizuri kuliko ambavyo ningejibu mimi: NEBOSH ni bodi ya mitihani, ipo tangu 1979, IOSH ni chama cha wanataaluma, tangu 1945, ingawa nacho kina kozi fupi kama ile ya Managing Safely ambayo kwa kweli ni ya mameneja. Kwa moja unafaulu, kwa kingine unajiunga. Ukiwa na diploma ya NEBOSH unaweza kuomba daraja la GradIOSH, na kutoka hapo ukaanza kuitafuta CMIOSH, herufi ambazo kila mtu wa kazi hii anaziota nyuma ya jina lake.

Nami naziota. Tanga imebadilika. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, hapa hapa jirani, na wakandarasi wanatafuta watu wa sefti. Matangazo ninayoyasoma usiku yanafanana: IGC ni lazima, diploma ni sifa ya ziada. Mkonge haulipi kama mafuta. Nayasoma yote mpaka mwisho.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeingia na joto lake. Nimezunguka kiwanda kizima leo kwa miguu, kuanzia korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge.

Pale kelele ndiyo shida, maana majani yanasagwa yakimwagiwa maji na singa zinatoka zimelowa. Vumbi halina nafasi. Zikishaanikwa na kukauka zinaletwa chumba cha brashi, na hapo hadithi inageuka. Ngoma inazunguka, mama anashika fungu la singa, analiingiza upande mmoja, analivuta, analigeuza. Kila fungu likivutwa linaacha wingu. Jua la dirishani linapokata chumbani unaona hewa yenyewe ina rangi. Barakoa tumewagawia. Wengi wamezishusha kidevuni na juu yake wamefunga khanga puani, kwa sababu ukiwa umefunga saumu, barakoa iliyolowa jasho ni adhabu.

Nilimkuta mama mmoja, mkongwe wa brashi, amekaa nje kwenye gogo. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Leo si Jumatatu? Jumatatu kifua huwa kinakaza. Kesho kitalegea." Alisema kama mtu anayeeleza ratiba ya daladala.

Maneno hayo yamo vitabuni, ila yanahusu pamba. Bisinosisi ya wafanyakazi wa viwanda vya pamba hujitambulisha hivyo hivyo: kifua kinabana siku ya kwanza baada ya mapumziko. Na mkonge wetu haujasahauliwa na watafiti. Akwilina Kayumba alivichunguza vifua vya wafanyakazi wa mkonge hapa Tanzania, wa korona na wa brashi, katika kazi iliyounganisha watu wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei. Mmea huu uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Zaidi ya miaka 130, na bado mama anahesabu pumzi yake kwa siku za wiki.

Kwenye jedwali langu la tathmini ya vihatarishi, mstari wa chumba cha brashi unasema: vumbi, kiwango cha wastani.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja mzee aliyestaafu, na bahasha ya hospitali. Anakohoa, akipanda ngazi anasimama katikati. Mtoto wake ameambiwa kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na anataka kujua kama baba anastahili. Mfuko huo umetokana na sheria ya 2008 na umeanza kazi Julai 2015; mzee alikuwa bado kazini wakati huo, kwa hiyo swali lake ni halali.

Nilimpigia daktari. Naye akaniuliza mambo mawili: alifanya kazi brashi miaka mingapi, na hewa ile ilikuwa na vumbi kiasi gani? La kwanza ninalo, jalada la utumishi lipo. La pili hakuna mtu aliyelipima kwa namna ya kulihusisha na mtu. Vipimo vya kupuliza vya uchunguzi wa kila mwaka vinaonyesha mapafu yanashuka, lakini mzee amevuta sigara pia, na bila kipimo cha vumbi hakuna wa kusema sehemu ipi ni ya sigara na ipi ni ya mkonge. Tumemsaidia kujaza fomu. Nimempa nauli.

Jumamosi, 22 Machi

Baada ya futari nimekaa na daftari nizipange njia zangu. Mtoto amelala, baba yake anasahihisha mitihani.

Diploma ya kimataifa ya NEBOSH. Muundo wa sasa ulianza 2021, vipande vitatu: ID1 misingi na uongozi, ID2 afya, ID3 usalama. Siku hizi hakuna kukaa ukumbini. Ni kazi za kuandika na visa vya kuchambua. Unaisomea nyumbani, huachi kazi. Ada ni ya paundi, na nikiigeuza shilingi ni mishahara ambayo sitaki kuiandika hapa. Hii ndiyo njia ya Chongoleani, na ya nje ya nchi. ID2 nimesoma mada zake zote: vumbi, kemikali, kelele, mtetemo, joto. Nzuri. Lakini nitamaliza nikijua kuandika kurasa nyingi kuhusu upimaji wa vumbi bila kuwahi kushika pampu. Mwanadiploma anajua amwagize mpimaji nini na ripoti yake aisomeje, jambo ambalo ni kubwa kwa mtu mwenye fedha za kumwita huyo mpimaji.

Shahada ya uzamili ya afya ya mazingira na kazi, Muhimbili. Moyo unataka. Walimu ninawajua, maabara ipo, na hapo ndipo watu waliopima vumbi la mkonge, la makaa ya mawe ya Kiwira na la kahawa walipotokea. Wenzetu wa Kenya wana ya kwao JKUAT. Ila ni kuhamia Dar, mtoto yuko darasa la pili, na kiwanda hakitanishikia kiti. Baadaye, si mwaka huu.

Ukaguzi mkuu wa ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usalama na afya kazini. Siku tano, mtihani, umemaliza. Watu wanaudharau kwa ufupi wake. Mimi naona ni kozi ya kweli kwa mtu ambaye kazi yake ni kukagua. Yangu siyo.

Halafu kuna njia ambayo kwenye kundi letu haitajwi kabisa: haijini ya kazi, yaani kupima na kudhibiti vihatarishi vya afya kazini, kwa moduli za OHTA, chama cha kimataifa cha mafunzo ya haijini. Unaanza na W201 ya misingi. Baadaye zinakuja za mia tano: W501 kupima vitu hatarishi hewani, W502 joto, W503 kelele, W505 kudhibiti vitu hatarishi, na nyinginezo. Kila moduli ni wiki moja na mtihani wake. Ukikusanya sita unaweza kwenda kwenye mtihani wa mdomo wa cheti cha kimataifa. Kinachonishangaza ni kwamba miongozo ya kusomea imewekwa bure mtandaoni. Bure! Kundi zima linauziana PDF za majibu ya NEBOSH, na hii imekaa pale haina mnunuzi kwa sababu haina bei.

Ubaya wake: mwajiri wa hapa haijui. Nikiiandika kwenye wasifu wangu wa kazi, afisa rasilimali watu atadhani ni namba ya gari.

Jumanne, 1 Aprili

Idi ya pili. Nyumba imejaa pilau na watoto. Binamu yangu amekuja likizo kutoka Doha, ni mtu wa sefti kwenye ujenzi kule, na kama kawaida wazee wamemweka kiti cha mbele.

Nilimvuta barazani nikamweleza. Akacheka. "Dada, ukitaka Ghuba, soma diploma, mjadala umekwisha. Kule bila NEBOSH karatasi yako haifunguliwi." Najua. Lakini nilipomuuliza siku zake zinakwendaje, hakunieleza diploma yake. Alinieleza kifaa. Kuna mpira mweusi wa shaba unaokusanya joto la jua, kipimajoto chenye utambi uliolowa, na kingine kikavu. Vyote vitatu vinatoa namba moja inayoitwa WBGT. Kwa amri ya Qatar ya 2021, namba hiyo ikipita 32.1, kazi ya nje inasimama, saa yoyote ile. Hiyo ni mbali na katazo la kiangazi la kufanya kazi juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, 1 Juni hadi 15 Septemba.

"Injinia wa mradi ni mkubwa kwangu mara kumi," anasema. "Anafoka, ana zege inakauka. Mimi simjibu kitu. Namgeuzia kioo cha kifaa."

Mama akatuita tule. Nilimuuliza swali moja la mwisho: nani anakipima hicho kifaa kama kinasema kweli? Akasema yuko mhaijini, Mfilipino, ndiye anayekihakiki, na ndiye mtu pekee pale kambini ambaye meneja humpigia yeye kwanza. Ni pilau tu iliyonizuia kumuuliza mshahara wa huyo Mfilipino.

Jumatatu, 28 Aprili

Siku ya usalama na afya kazini. Mabango, fulana, hotuba. Nilipewa dakika kumi, nikaeleza kwamba Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika haki za msingi za kazi, na kwamba mikataba inayobeba jambo hilo ni Na. 155 na Na. 187. Wakapiga makofi. Mama wa brashi alipiga makofi pia, kisha akakohoa.

Baadaye meneja aliniita ofisini. Mnunuzi wa Ulaya ameuliza kama tuna ISO 45001, ile iliyotoka Machi 2018 na kuiondoa OHSAS 18001. Sasa yeye ameshaamua: niende ukaguzi mkuu, tupate cheti, tuuze. Sikubishana naye hapo hapo. Mtu akishasema neno "mnunuzi" ni kazi kubwa kumrudisha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekuwa nikiamka kabla ya adhana kusoma mwongozo wa W501. Sijasoma kitu kwa hamu hivi tangu chuo. Kazi yenyewe ni hesabu ya shule ya msingi iliyovaa koti jeupe. Pampu ndogo inafungwa kiunoni, mrija unapanda mgongoni, kichwa cha sampuli kinabanwa kolani, ndani ya sentimita 30 za pua, maana hewa ya mita mbili pembeni si hewa anayovuta yeye. Pampu inavuta lita 2 kwa dakika. Zamu ya saa nane ni dakika 480, kwa hiyo lita 960, yaani mita za ujazo 0.96. Kichujio kilipimwa uzito kabla; kinapimwa tena baada ya zamu. Kikiwa kimeongezeka miligramu 6, gawanya kwa 0.96: miligramu 6.25 kwa mita ya ujazo. Uingereza vumbi lisilo na kikomo chake maalumu huanza kuhesabiwa kitu hatari likifika miligramu 10 kwa vumbi lote linaloingia puani, au 4 kwa lile jepesi linalofika ndani kabisa ya mapafu.

Ugumu uko kwingine: pampu imehakikiwa kabla na baada? Mzani unasoma mikrogramu? Kichujio kilikaa na unyevu wa Tanga kiasi gani kabla ya kupimwa? Huku pwani kichujio kinaweza kunenepa kwa mvuke tu. Hapo ndipo wiki ya darasani yenye mwalimu inapolipa, na hapo ndipo PDF inapoishia.

Nimeona pia jibu la kumpa meneja. Kifungu 9.1 cha ISO 45001 kinadai ufuatiliaji na upimaji, na kama unatumia vifaa, viwe vimehakikiwa. Mkaguzi atafungua jedwali langu na kuuliza: hii "wastani" ya chumba cha brashi mliipata wapi? Kwa sasa jibu ni jicho langu.

Jumapili, 25 Mei

Kikao kilikuwa Alhamisi. Nilipeleka karatasi moja. Kozi ya ISO aende afisa ubora, kijana mzuri, mifumo ndiyo lugha yake na cheti kitabaki kwenye idara inayokitumia kila siku. Mimi niende W201 mwaka huu na W501 mwakani, Afrika Kusini kama hakutatokea darasa la karibu. Diploma ya NEBOSH nitajilipia mwenyewe taratibu, kipande kimoja kimoja, kwa fedha za kikoba.

Meneja alisoma akarudi juu akasoma tena. "Kwa hiyo unataka nilipie watu wawili." Nikamwambia bajeti yake imeandika mtu mmoja wa idara yangu, na ya ubora ina fungu lake. Mhasibu akaguna, akasema ni kweli lipo na halijaguswa. Kisha meneja akauliza swali ambalo sikulitegemea kwake: na ukipima, ukakuta hali mbaya, itanigharimu nini? Nilimjibu kwamba kivuta vumbi cha kufungwa juu ya ngoma za brashi kina bei, na hatuwezi kujua kama kimefanya kazi bila kupima kabla na baada. Hakupenda. Ameweka saini, na sharti la kubaki kazini miaka miwili. Chongoleani itasubiri, au haitasubiri.

Pampu tatu za kukodi kwanza, kununua baadaye. Nimeshaanza kupanga. Kundi la kwanza ni brashi, watu watatu wenye kazi moja, siku tofauti, moja iwe Jumatatu. Kiwango cha Ulaya cha EN 689 kinasema vipimo vitatu vyote vikiwa chini ya sehemu ya kumi ya kikomo unaweza kusimama hapo. Nikiichukua ile 10 ya Uingereza kuwa kikomo, sehemu yake ya kumi ni 1. Kwa wingu lile, nimeshaweka nafasi ya vipimo zaidi kwenye ratiba.

Mama wa brashi amekubali kuvaa pampu ya kwanza. Anachotaka kujua ni kama itamzuia kufunga khanga yake kiunoni. Nimemwambia mkanda utapita juu ya khanga, na kolani abane mwenyewe.